Daftari langu la presha: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Waziri wa TAMISEMI na Bohari ya Dawa

Waheshimiwa Mawaziri,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa,
Ndugu Wakurugenzi wa Halmashauri na Waganga Wakuu wa Wilaya,

Poleni na kazi.

Mimi ni mama wa miaka 52, fundi cherehani, mkazi wa mkoa wa Tanga. Niligundulika na presha nikiwa na miaka 45, siku niliyompeleka mama yangu mzazi kliniki ya macho. Nesi alipomaliza kumpima mama akanitazama akasema, "Na wewe mama, hebu kaa hapa." Ikaja 168 kwa 102, juu mno. Siku hiyo kichwa hakikuniuma, moyo haukunienda mbio, na asubuhi yake nilikuwa nimekata vitambaa vya sare 14 za shule bila kuchoka.

Tangu siku hiyo ninaweka daftari. Ni daftari la kawaida la shule, na jalada lake lilipoanza kuchanika nililivalisha kitenge nikalishona pembeni. Kila ukurasa nimeupiga mistari kwa rula ya kushonea, zikapatikana safu nne: tarehe, namba ya juu, namba ya chini, na ya mwisho nimeiandika "dawa". Kwenye safu hiyo ya mwisho naandika neno moja kati ya mawili: ipo, au hakuna.

Naomba niwasomee ukurasa mmoja wa mwaka juzi, kama ulivyo.

Februari 6: 134 kwa 84, ipo. Machi 6: 138 kwa 86, ipo. Aprili 3: sikupimwa, mashine haina betri, dawa hakuna. Aprili 17: sikupimwa, dawa hakuna. Mei 2: 172 kwa 104, nimepimiwa duka la dawa kwa shilingi 500, nimenunua vidonge 10. Mei 22: 160 kwa 98, dawa hakuna. Juni 5: 158 kwa 96, ipo nusu.

"Ipo nusu" maana yake nilipewa amlodipine ya wiki mbili, na losartan, dawa yangu ya pili ya presha, nikaandikiwa cheti nikanunue. Zile 10 za mwezi Mei nilizinywa siku moja ndiyo siku moja hapana, ili zifike mbali. Wenzangu wengi wenye presha hapa mtaani hufanya hivyo. Baadaye daktari mmoja alinieleza kwamba kwa kufanya hivyo namba hupanda na kushuka, na mishipa haipumziki. Nilijisikia vibaya, kwa sababu nilidhani najibana kwa busara.

Nimewaandikia kwa sababu ya safu hiyo ya nne. Kila mwaka Mei 17, siku ya presha duniani, na tena Novemba kwenye wiki ya magonjwa yasiyoambukiza, nawasikia viongozi wetu kwenye redio mkisema wananchi hatuna mwamko, hatupimi, tunaacha dawa tukipata nafuu, tunakula chumvi na mafuta. Yapo ya kweli humo. Lakini miaka 7 ya daftari langu inasema jambo jingine: presha yangu hutulia dawa inapokuwepo, na hupanda dawa inapokatika. Na mimi sikuwahi kuikata. Ilikatikia dirishani.

Hesabu yangu ni hii. Duka la dawa, kipande cha vidonge 10 vya amlodipine nanunua shilingi 2,000, na losartan 3,000. Mwezi mzima ni 15,000. Ni hela ya kushona sare 3. Mtu atasema, mama, hizo ni sare 3 tu. Ni kweli, mwezi wa Januari zipo sare mpaka nazikataa. Mwezi wa nne na wa tano mvua ikinyesha, watu hawashoni. Na nyumbani tuko wawili wenye presha, mimi na mama, na mama ana sukari pia. Ukijumlisha na bodaboda ya kwenda hospitali ya wilaya, ambako dawa huwa ipo mara nyingi zaidi kuliko kwenye zahanati yetu, unaanza kuchagua nani anywe wiki hii. Mimi siku zote nilimchagua mama. Sioni binti gani angefanya vinginevyo.

Mdogo wangu wa kiume hakuwa na daftari. Ni fundi seremala, milango na vitanda, na aligundulika na presha akiwa na miaka 44. Akapewa dawa ya mwezi. Alipokwisha mwezi akarudi, akaambiwa hakuna, apite wiki ijayo. Wiki iliyofuata akapita, hakuna. Mara ya tatu hakwenda, kwa sababu kwenda zahanati ni kufunga karakana nusu siku, na mteja anayengoja mlango wake haelewi habari ya presha. Akawa ananunua anapohisi kichwa kizito. Alikaa hivyo miaka mitatu.

Alfajiri moja aliamka kwenda kuchukua wudhu, mguu wa kulia ukakataa. Akataka kumwita mkewe, maneno yakatoka kama ya mtu mwenye ugali mdomoni. Hospitalini daktari akamuuliza wifi yangu: dawa alikuwa anakunywa? Akajibu, "Alikuwa anakunywa zikipatikana." Kwenye faili yakaandikwa maneno ambayo binti yangu aliyasoma na kunieleza: mgonjwa hana ufuasi mzuri wa dawa.

Nimelifikiria sana neno hilo, ufuasi. Mtu anafuata kitu kinachokwenda mbele yake. Yeye alikifuata mara mbili akakikosa, na ya tatu akarudi kazini.

Sasa ana miaka 49. Mkono wa kulia ameukunja kifuani, vidole vimejifunga. Randa yake imetundikwa msumarini, na chini yake umeegemea mlango wa mninga alioufikisha nusu: upande mmoja laini kama ubao wa kukatia vitambaa, upande wa pili bado una alama za msumeno. Mteja alidai fedha yake, tukaichangia. Wifi yangu aliuza mashine ya kuranda ya umeme, kisha kiwanja. Mtoto wao wa pili alirudi nyumbani kutoka chuo cha ufundi. Vidonge vyake vya miaka yote mitatu visingefika bei ya ile mashine.

Waheshimiwa, sisi wa miaka 40 na 50 ndio tunaosomesha, ndio tunaowatunza wazee, ndio tunaochangia misiba na harusi. Tukianguka, kaya mbili tatu zinaanguka pamoja nasi. Na umri wetu huu ndio presha inapoanza kupanda. Kwetu wanawake hasa hedhi inapoanza kukatika. Wengi hatuna habari. Tunadhani ni uchovu wa kazi, au ni umri tu.

Na Kiswahili chetu nacho kinachangia. Tunasema "usinipandishe presha" tukimaanisha usiniudhi. Mtu akifiwa au akidaiwa tunasema presha imempanda. Basi kila mmoja anaamini presha ni mawazo, na kwamba mwenye roho tulivu hana. Nimesikia hata nesi akimwambia mama mmoja mwenye 180, "Punguza mawazo mama, utakuwa sawa," akamruhusu aende. Mawazo yanaweza kuipandisha kwa muda, sikatai. Lakini presha inayoharibu figo, macho na ubongo ni ile inayokaa juu miezi na miaka, mtu akiwa analala vizuri na kucheka na wenzake. Mara nyingi haina dalili mpaka imeshaumiza. Kwa hiyo mtu anayengoja kichwa kiume ndipo anywe dawa, kama mdogo wangu, alishachelewa tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyekaa naye dakika 10 kumweleza hivyo.

Nilimwomba binti yangu, anayesomea mambo ya maabara, anitafutie tumetoka wapi na ugonjwa huu hapa nchini. Alinisomea habari za uchunguzi uliofanyika mwaka 1996 na 1997 Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, wilaya ya Hai. Walipima watu nyumba kwa nyumba. Katika wale waliokutwa na presha ya juu, chini ya 20 kati ya 100 ndio waliojua. Waliokuwa wanapata dawa ni kama 10. Ambao presha yao ilikuwa imetulia hawakufika hata mmoja kati ya 100. Nikamwambia arudie, akarudia. Kisha kati ya 2003 na 2006 wakahesabu viharusi Hai na Dar es Salaam, wakakuta Dar idadi yake, ukilinganisha umri kwa umri, ni karibu mara tatu ya ile ya Hai. Na mwaka 2012 serikali yenyewe ikapima watu wa miaka 25 hadi 64 nchi nzima, ikakuta karibu 26 kati ya 100 wana presha ya juu.

Haya mnayajua kuliko mimi, yamo kwenye makabrasha yenu. Nayataja kwa sababu ule uchunguzi wa Ilala na Shari ulifanyika nikiwa msichana ninayejifunza kushona. Nimeolewa, nimezaa, nimepata mjukuu, na bado naambiwa dirishani, "Presha hakuna, labda wiki ijayo."

Kwa nini hakuna? Niliuliza. Mganga mfawidhi wetu ni mtu mwema na hakunificha. Alinionyesha anavyoagiza dawa. Anatazama miezi iliyopita zilitumika ngapi, anaagiza kwa kiasi hicho na kuongeza kidogo. Sasa fikirieni: dawa ya presha ikikosekana miezi miwili, hakuna kinachoandikwa kuwa kimetumika. Sisi wagonjwa tunatawanyika, mmoja duka la dawa, mwingine mitishamba, mwingine anaacha kabisa. Muda wa kuagiza ukifika, karatasi inaonyesha wagonjwa wachache na vidonge vichache. Anaagiza vichache. Vinakwisha wiki ya pili. Na hata anapoagiza vya kutosha, Bohari nayo huweza kuleta pungufu, na fedha ya zahanati ya kununulia kwingine ni kidogo, akitoa za malaria, za watoto na za wajawazito imekwisha. Sisi tunabaki mwisho wa orodha kwa sababu hatuji tukilia wala hatubebwi mgongoni. Tunaingia kwa miguu yetu, tumevaa vizuri, tunasalimia.

Kabati tupu ndilo linalopeleka hesabu kwenu kwamba kata yetu haina haja na dawa ya presha. Hili ndilo naomba mlitengeneze kwanza kabla ya mengine yote. Zahanati iagize kwa idadi ya wagonjwa walioandikishwa, si kwa vidonge vilivyotoka mwezi ambao havikuwepo. Sisi wenye presha katika kata yetu tunahesabika. Tupewe daftari letu pale zahanati, kila mmoja na namba yake, ijulikane tuko 60 au 90, kila mmoja anakunywa nini. Hapo hesabu ya robo mwaka ni ya kuzidisha tu. Mimi kitambaa cha sare za darasa zima nakipigia hesabu hivyo hivyo, kwa idadi ya watoto. Sitazami mwaka jana nilikata mita ngapi.

Na mfano mnao, mmeujenga wenyewe. Pale pale kwenye kituo cha afya cha jirani ipo kliniki ya CTC, ya watu wanaotumia dawa za VVU. Rafiki yangu wa sokoni, ambaye mwenyewe huyasema haya hadharani na ameniruhusu niyaandike, anakunywa dawa za VVU mwaka wa 15 huu. Ana kadi, ana tarehe yake, anaenda anapewa dawa za miezi 3, na alipotulia akawa anapewa za miezi 6. Asipotokea, mtu anampigia simu, na asipopokea mtu anamfuata nyumbani. Miaka yote hiyo hajawahi kurudishwa mikono mitupu. Siku moja alinihurumia mimi. Akaniambia, "Dada, ningekuwa na presha badala ya hii yangu ningeshakufa."

Najua fedha nyingi za kazi ile zilitoka kwa wafadhili, na najua leo za nje hazina uhakika kama zamani. Lakini utaratibu ule haukuletwa na meli. Kadi, tarehe, dawa za miezi mitatu, simu ya kumuulizia mgonjwa: watu wetu wamejifunza kuyafanya na wanayafanya vizuri, kwenye majengo yenu, pengine mlango wa pili kutoka tunapokaa sisi tukingoja. Wenye presha iliyotulia hatuna haja ya kwenda kila mwezi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa dawa za presha wa mwaka 2021, linasema mtu ambaye presha yake imeshatulia aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Mwongozo huo huo unasema muuguzi au mfamasia aliyefundishwa, chini ya usimamizi wa daktari, anaweza kuendesha tiba hii, na kwamba kukosekana kwa vipimo vya maabara kusimzuie mtu kuanza dawa. Ukizidisha safari 12 kwa mwaka mara nauli yangu ya bodaboda, mtaona kwamba mkinipa za miezi mitatu mmenirudishia fedha ya dawa bila kutoa hata senti yenu.

Pia zimo sasa dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, ambazo Shirika hilo liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Mama yangu ana miaka 76 na anakunywa vidonge 5 kwa siku kwa macho yasiyoona vizuri. Huvitambua kwa kuvipapasa. Kimoja kikipungua ni nafuu kubwa kwake. Mlifikirie hilo mnapopanga dawa zipi zishuke mpaka zahanati. Na zile ambazo kwenye orodha ya taifa zimeshapangiwa ngazi ya zahanati, zifike kabatini, zisiishie kwenye karatasi.

Wapo watakaosema sisi watu wa chini tunapenda waganga wa kienyeji kuliko hospitali. Kumbukeni mwaka 2011, Samunge, Loliondo. Watu wenye presha na sukari walilala barabarani siku kadhaa, wengine walitolewa wodini na ndugu zao, kwenda kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa mchungaji Ambilikile Mwasapile. Mjomba wangu alikwenda kutoka Tanga, akaacha dawa zake, na aliporudi hakukaa sana. Sisifii kikombe kile, kilituumiza. Lakini nimejiuliza mara nyingi kwa nini mtu mvivu wa kwenda zahanati kilomita 3 alivuka mikoa. Kikombe kilikuwa shilingi 500, bei moja kwa tajiri na maskini, na aliyefika alijua atakunywa. Hakuambiwa arudi wiki ijayo. Mwamko ulikuwepo, na miguu ilikuwepo.

Sasa kuhusu kupima. Mashine yetu ilikaa wiki kadhaa bila betri. Ilipopata betri, mkanda wake ni mmoja, mdogo, na sisi wengine mikono yetu ni minene. Mkanda ukibana sana namba inakuja juu kuliko ilivyo. Mara nyingi napimwa nikiwa nimetoka kushuka kwenye bodaboda, nimesimama kwenye foleni saa mbili, mkojo umenibana, mkono unaning'inia, na nesi ananiuliza maswali huku mashine inajaza. Binti yangu alinifundisha inavyotakiwa: ukae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo, upimwe mara mbili. Kwenye daftari nina namba mbili za siku moja, 156 ya zahanati asubuhi na 136 ya nyumbani kwa jirani mwenye mashine jioni ile ile. Kama ningeongezewa dawa kwa ile ya asubuhi, leo nisingekuwa na presha ya kupanda, ningekuwa naanguka kwa kizunguzungu. Kiti chenye egemeo, meza, mikanda miwili ya saizi mbili, na betri. Sidhani kama kuna halmashauri isiyoweza.

Na kila mtu mzima anayeingia zahanati apimwe, hata kama amekuja na malaria au amemleta mtoto chanjo. Mimi nilipatikana kwa bahati tu, kwa sababu ya macho ya mama. Kwenye mabonanza mnapima mamia uwanjani, mnapigwa picha, mnaondoka. Mtu anabaki na karatasi imeandikwa 170, zahanati yake haina dawa. Nimewaona waliolia pale. Heri kupima watu 20 ambao kesho yake wana pa kwenda.

Jambo jingine dogo, lakini limenigusa mwenyewe. Kushona kunaumiza mgongo. Karibu mwaka mzima nilikuwa nanunua diclofenac duka la dawa, vidonge viwili kwa siku, bila kuulizwa kitu. Safu yangu ya "dawa" ilisema ipo, ipo, ipo, na namba hazikushuka chini ya 150. Tabibu mmoja kijana alikaa na daftari langu akaliperuzi, akaniuliza: kuna dawa nyingine unakunywa? Nikamwambia ya mgongo. Akaniambia dawa za aina ile hupandisha presha, huzuia za presha zisifanye kazi vizuri, na figo nazo huumia. Niliacha, nikapewa nyingine ya maumivu na nikainua kiti cha cherehani. Mwezi wa pili baada ya hapo nikaandika 138. Wauza maduka ya dawa wafundishwe swali moja tu kabla hawajatoa diclofenac kwa mtu wa makamo: una presha?

Chumvi sitaisemea sana, tumeshahubiriwa. Isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu, yote, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na viungo vya pakiti. Kwetu pwani ng'onda na papa mkavu ni kitoweo cha mwisho wa mwezi, na chumvi imo tayari. Mimi naroweka usiku, namwaga maji, naroweka tena, sitii nyingine. Inawezekana. Ila naomba msiitumie chumvi yangu kujibu swali langu la dawa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Niliifurahia kweli. Nilikuwa mwanachama wa CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, ilipokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, na nilichojifunza ni kwamba kadi haiponyi presha dirisha likiwa tupu. Nilikuwa naonyesha kadi, naandikiwa cheti, naenda kununua kwa fedha yangu. Katika bima hii mpya hakikisheni kwamba zahanati ikikosa dawa ya presha au sukari, mwanachama anaichukua duka la dawa la karibu kwa kadi yake ile ile, na deni linarudi kwa aliyetakiwa kuileta. Hapo atakayeumia na kukosekana kwa dawa hatakuwa mimi peke yangu, na nadhani dawa zitaonekana.

Na wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mliuzindua Januari 2024 mkisema watafika zaidi ya 137,000 kwa miaka 5, kila mmoja apewe mashine ya presha na orodha ya wenye presha wa kitongoji chake. Kazi yake ya kwanza iwe kugonga mlango wa yule ambaye tarehe yake imepita. Mdogo wangu alipoacha kwenda, kutoka zahanati hadi karakana yake ni mwendo wa dakika 20. Miaka mitatu hakuna aliyetembea dakika hizo. Na mimi dada yake sikosi lawama; nilikuwa na daftari langu na sikumuuliza yeye lake liko wapi.

Waziri wa Afya, wewe unatunga mwongozo. Waziri wa TAMISEMI, zahanati ni zako. Bohari ya Dawa, mnapokea oda na kuleta. Mwananchi akiuliza kwa mmoja anaelekezwa kwa mwingine, ndiyo maana barua hii nimewaandikia wote kwa pamoja, muisome mkiwa meza moja. Nipo tayari kuleta daftari langu popote mtakaposema, na ninawajua wenzangu 11 hapa kwetu ambao tumeanza kuandika pamoja tangu mwaka jana, kila mmoja na lake, wote na safu ile ya nne.

Tarehe yangu ya kurudi zahanati ni tarehe 14. Leo asubuhi nimehesabu: amlodipine zimebaki 9, losartan 6. Za mama zimebaki 4.

Wenu,
Fundi cherehani, mkoa wa Tanga